Simu isiyo na waya haifiki juu kwa bibi, nyumba ya mawe Mkomani

BintiMkomani (Lamu) ameuliza:

Assalaam alaykum nyote. Swali langu ni refu, naomba mnivumilie, maana nataka kulieleza lote mara moja nisije nikaacha kitu.

Naishi Mkomani, nyumba ya mawe ya wazee wetu. Chini, kati, na juu. Bibi yangu, mama yake mama, amepita miaka 80 na anakaa juu kabisa, chumba kilicho kando ya jiko la makuti. Anapenda upepo wa huko na hataki kuteremshwa. Magoti yameshakataa ngazi. Mimi kazi yangu iko chini. Kila siku baada ya alasiri nina watoto wa chuo cha Kurani, 30 hivi, wanakaa msana wa chini, ile sebule ndefu, na kusoma kwa sauti. Watoto wakishaanza kusoma, hata mtu abishe hodi mlangoni simsikii.

Mwezi uliopita bibi aliteleza akitoka chooni. Hakuvunjika, alhamdulillah. Lakini alikaa sakafuni akiniita, "Ndoo yuu! Ndoo yuu!" (njoo juu), tangu tulipoanza kusoma hadi watoto walipotawanyika. Nilimkuta nilipompandishia chai ya magharibi. Sauti ilikuwa imemkauka. Tangu siku ile sijalala usingizi wa kutulia.

Simu ya mkononi anayo, ila haimfai. Macho yana mtoto wa jicho, vitufe havioni, na ile ya kupapasa kioo ndiyo kabisa, kidole chake kikavu kioo hakikisikii. Anachokijua ni simu ya mezani. Unainua mkonga, unasikia mlio, unapiga. Tulikuwa nayo zamani hapa hapa msana, lakini laini ilikufa miaka mingi na waya wake umebaki unaning'inia chini ya wikio, kile chumba kinachovuka juu ya njia.

Mjomba wangu aliyeko London aliposikia habari ya kuanguka akatutumia simu isiyo na waya. Mikonga miwili. Kuna kitako kikubwa, chenye waya wa umeme na waya wa laini, na kingine kidogo cha kuchajia tu. Akasema hata kama nyumba haina laini, mkonga mmoja unaweza kuuita mwingine bila malipo. Nikafurahi mno. Nikafunga. Sasa hali ni hii.

Kitako kikubwa nimekiweka chumba cha ndani, kwenye kidaka, penye sahani za zamani na sinia ya shaba, mahali pazuri ambapo watoto hawafiki. Kutoka hapo mkonga unafanya kazi msana na kiwandani, ule uwanja wa katikati ya nyumba. Nikipanda ngazi unakwaruza. Nikifika kwa bibi unalia pi-pi-pi na kuandika kwamba unatafuta kitako. Sanduku limeandikwa mita 50 ndani ya nyumba na mita 300 nje. Kutoka kidaka hadi kitanda cha bibi hazifiki mita 20! Je, nimetumiwa kibovu?

Betri zilizokuja nazo ziligoma kuwaka siku ya kwanza, nikaona zimekufa njiani. Mpwa wangu akaenda dukani akaleta za saizi ile ile, zile za rimoti. Ziliwaka papo hapo. Lakini mkonga ukikaa kwenye kitako unapata moto, si sana, kama mkate wa mofa uliotoka jikoni kitambo.

Umeme ukikatika kila kitu kinanyamaza. Simu yetu ya zamani haikuwa hivyo, nakumbuka vizuri tukizungumza gizani. Kwa nini?

Na ile plagi ya waya wa laini ina umbo geni, haiingii kwenye soketi yetu ya zamani ukutani. Si kwamba laini ipo, lakini nikiirudisha siku moja itakuwaje? Bibi angependa kuzungumza na mjomba mwenyewe, bila kunisubiri mimi nipande na simu yangu.

Halafu jirani ananiambia simu za namna hii mtu wa nyumba ya pili anaweza kusikiliza maneno yenu. Nyumba zetu zimeshikana ukuta kwa ukuta. Ni kweli?

Mwenye ujuzi anisaidie. Jambo hili kwangu si dogo.

---

Fundi_Langoni amejibu:

Wa alaykum salaam, Mwalimu. Kabla hujasoma mstari wa pili, nenda ukatoe hizo betri za rimoti kwenye mikonga yote miwili. Nenda sasa. Nitakungoja.

Betri za rimoti ni kavu, hazikuundwa kurudishiwa chaji. Kitako cha simu hakijui umetia nini, kinasukuma umeme tu kila mkonga unapokaa. Zinapata moto, zinavuja, na zinaweza kupasuka. Nimefungua mikonga mingi hapa dukani iliyoliwa ndani na maji ya betri namna hiyo, na hiyo haitengenezeki. Na wewe wataka kumpa bibi ailaze karibu na shavu lake.

Zile za mwanzo hazikufa. Betri za kuchaji zikisafirishwa huja zimeisha ama zimebakia kidogo. Zitazame, zitakuwa zimeandikwa NiMH na volti 1.2. Zirudishe, weka mkonga kitakoni, uache usiku kucha na asubuhi yake, karibu saa 16, usiuinue. Baada ya hapo ndipo uzihukumu. Zikizeeka, baada ya miaka miwili mitatu, nunua nyingine za NiMH saizi ile ile ya AAA. Usichanganye mpya na kuukuu.

Sasa kidaka. Mwalimu, umeificha simu ndani ya jiwe! Kidaka kina ukuta nyuma, kushoto, kulia, juu na chini, kimebaki wazi mbele tu, na mbele umeweka sinia ya shaba. Mawimbi ya simu hii hayapiti kwenye shaba, yanagonga na kurudi. Ile mita 50 ya kwenye sanduku imepimwa kwenye nyumba za wenzetu za mbao na bodi za jasi. Ukuta wa Mkomani ni matumbawe na chokaa, unene dhiraa nzima na zaidi, na umekunywa unyevu wa bahari kwa miaka mingi. Dari nayo ni boriti, juu yake mawe, juu yake chokaa. Kutoka chumba cha ndani hadi kwa bibi unavuka kuta mbili na dari mbili. Simu yako nzima kabisa. Nyumba ndiyo nzito.

Lakini nyumba zetu zina kitu ambacho nyumba hizo nyingine hazina, nacho ni kiwanda. Pale katikati hapana dari. Mawimbi hayana haja ya kuvunja jiwe kama yana mlango. Toa kitako kidakani, kipandishe ghorofa ya kati, ukiweke mahali panapotazama kiwanda, kimo cha kichwa au zaidi, mbali na friji, televisheni, kioo kikubwa na tangi la maji. Hapo kitaona chini na kitaona juu.

Ukishakiweka usiamini macho. Mtume mtoto mmoja mwenye akili apande na mkonga, wewe ubaki na mwingine, mzungumze anapotembea. Akifika kila mahali bibi anapofika, akuhesabie moja hadi kumi. Panapokatika, weka alama ya chaki. Pima milango ikiwa wazi na ikiwa imefungwa.

Jirani yako amesema kitu kilichokuwa kweli zamani. Simu zisizo na waya za miaka ya 80 na 90 zilirusha sauti kama redio ya kawaida, na mwenye redio ya kufaa aliinasa. Hizi za sasa za mtindo wa DECT, kama yako, zinageuza sauti kuwa tarakimu na kuifumba, na mkonga unakitii kitako ulichosajiliwa nacho tu. Jirani akinunua simu kama yako, mkonga wake hautaingia kwako.

Ukiona mkonga mmoja umekisahau kitako, bonyeza kitufe cha kitako cha kutafutia mkonga, ukishikilie hadi taa imemete, kisha kwenye mkonga tafuta menyu ya kusajili. Ukiulizwa namba ya siri jaribu 0000, nyingi huja hivyo zikiwa mpya.

Na pale vyuma viwili vya kuchajia, kwenye mkonga na kitakoni, pasugue kila mwezi kwa ufutio wa penseli. Chumvi ya hapa inavila polepole. Watu wengi huniletea simu "mbovu" ambayo dawa yake ilikuwa ufutio tu.

---

Mshela aliyeko mbali:

Nitaongeza neno moja kwa wengine wanaosoma, maana Mwalimu amesalimika hapo. Simu yake imetoka Uingereza, ambako umeme ni volti 230 na plagi ya miguu mitatu ni ile ile yetu. Mimi nilimtumia mama simu ya aina hii kutoka Marekani. Adapta yake ilikuwa ya volti 120 peke yake. Ndugu yangu akaichomeka na kigeuzi cha plagi, ikatoa moshi kabla mama hajaiona. Kigeuzi kinabadilisha umbo la miguu, hakibadilishi umeme. Someni maandishi madogo kwenye adapta. Kama hayakuandikwa 100 hadi 240, wala 230, wala 220 hadi 240, msiichomeke.

Na hata ingepona, nilikuja kujifunza kwamba za Marekani zinatumia masafa ya megahezi 1920 hadi 1930, na huko kwetu hayo ni ya simu za mkononi za 3G. Za Ulaya ni 1880 hadi 1900. Kwa hiyo mwenye jamaa Marekani amwambie atume pesa, simu inunuliwe kwingine.

Bibi mpe salamu zangu nyingi, Mwalimu. Mungu amzidishie afya.

---

Mstaafu wa Laini (Malindi) amejibu:

Binti yangu, nimesoma habari ya bibi yako mara mbili. Nilikuwa fundi wa laini katika Shirika la Posta na Simu, tangu ujana wangu hadi lilipogawanywa 1999. Nimepanda nguzo nyingi za pwani hii. Wacha nikujibu yale yaliyo yangu.

Uliuliza kwa nini simu ya zamani ilizungumza gizani. Kwa sababu haikula umeme wa nyumba yako. Eksichenji, kile kituo cha kuunganishia simu za mji, ilikuwa na chumba kizima cha betri, na zile betri zilituma volti 48 kwenye ule waya mwembamba wa shaba hadi kwenye mkonga wako. Mji mzima ulale gizani, eksichenji yaendelea na betri zake na jenereta yake. Simu ikilia, volti zilipanda hadi kama 80, na fundi aliyekuwa ameshika waya juu ya nguzo wakati mtu anapiga alijua mwenyewe. Simu yako mpya haikuundwa hivyo. Kitako ni kituo kidogo cha redio, nacho chahitaji umeme wa ukutani. Kikizimika, mikonga yote miwili haina pa kushika, hata kama betri zake zimejaa.

Kuhusu plagi. Waingereza wana plagi yao ya simu, pana, yenye kidole kando. Yetu ni ile ndogo ya uwazi, RJ11. Usikate waya. Tazama nyuma ya kitako, mara nyingi waya unachomoka, na tundu la pale ni dogo kama letu. Lakini hapa ndipo wengi wanapotea, nisikilize vizuri. Simu nyingi za Uingereza zinatumia nyaya mbili za kando, na soketi zetu zinatumia mbili za katikati. Ukinunua waya wa dukani ulionyooka, utaingia vizuri kabisa na hutasikia mlio wowote, nawe utasema laini mbovu. Tumia waya wake na kigeuzi chenye umbo la Kiingereza upande mmoja, au fundi wako wa Langoni akuvushie nyaya. Ni kazi ya dakika kumi.

Ile laini ya shaba ya chini ya wikio usiitegemee tena. Hata huko London kwa mjomba wako wamo katika kuzima mtandao wa zamani wa simu za waya wa shaba, na walichopanga ni kuufunga Januari 2027, simu zote zipitie kwenye intaneti. Kitako kinachomekwa nyuma ya ruta badala ya ukutani. Ukija kuleta intaneti ya waya nyumbani, uliza kama ruta yao ina tundu la simu.

Kwa sasa kuna njia nyepesi. Kuna kisanduku kinachotiwa laini ya simu ya mkononi, chenye antena na betri yake ndani, na nyuma kina tundu la RJ11. Kinatoa mlio ule ule wa zamani. Unachomeka kitako chako hapo, na bibi anainua mkonga, anasikia mlio, anapiga, kama alivyozoea. Baada ya namba abonyeze alama ya reli (#), la sivyo hukaa sekunde kadhaa kikingoja tarakimu nyingine. Kama kisanduku hicho hakipatikani, nunua simu ya mezani yenyewe ya kutia laini, yenye vitufe vikubwa. Iweke dirishani. Ina betri, itakaa hata umeme ukikatika.

Nakuomba jambo moja. Usitie humo laini yake yenye pesa. Tia nyingine, isajiliwe kwa jina lako, na namba yake wapewe watu wa nyumba tu. Wale wanaopiga wakisema wametuma pesa kwa makosa wanapenda wazee kama bibi yako.

Sasa, binti yangu, nitasema lile lililonifanya niandike. Fundi wa Langoni amekufundisha kufikisha mawimbi, na amefundisha vizuri sana. Lakini bibi alianguka wapi? Mlangoni mwa choo. Na mkonga wake utakuwa wapi? Kwenye kitako kidogo, juu ya meza, kando ya kitanda. Mtu aliye sakafuni hafiki mezani. Marehemu dada yangu hapa Malindi alikuwa na simu tatu nyumbani, na alipoanguka hakuna hata moja iliyokuwa karibu na mkono wake. Alipatikana asubuhi. Kwa hiyo nakusihi, mkonga usikae mezani mchana. Mshonee bibi kifuko cha kitambaa kigumu, cha kuvaa shingoni au kufunga kiunoni juu ya leso, na kitako cha kuchajia kiwe chini, kimo cha godoro, ili hata usiku aufikie akiwa amelala. Na wewe usiuache wako kitakoni watoto wakisoma. Ukae mapajani mwako, ukitetema utausikia hata kama sauti haisikiki.

---

BintiMkomani:

Mzee wangu, nimekusoma nikalia kidogo. Mungu amrehemu dada yako. Sikuwa nimelifikiria hilo la sakafu hata kidogo. Mimi nilikuwa nimeshanunua kimeza kizuri cha kuwekea.

Fundi, betri nilizitoa dakika ile ile. Moja ilikuwa imeanza kutoa uchafu mweupe mdomoni. Nimesafisha kwa kitambaa kikavu kama ninavyofuta kiberiti cha jiko, kisha nikaogopa nikasafisha tena. Zile za mwanzo zimekaa usiku kucha na hadi adhuhuri, na sasa zina nguvu siku ya tatu.

Kitako nimekipandisha ghorofa ya kati, ukumbini, kwenye ukuta unaotazama kiwanda. Nikamtuma mtoto mmoja wa chuo, yule mwenye kuhifadhi haraka kuliko wote, apande akihesabu. Chumba cha bibi, safi. Jikoni juu, safi. Chooni mlango ukiwa wazi, safi, ukifungwa, alifika nne akapotea. Nikasema hapana, hapo hapo ndipo mahali penyewe. Tukakisogeza kitako hatua sita upande wa ngazi za juu. Chooni na mlango umefungwa akahesabu hadi kumi, tena kwa sauti ya kujivuna. Huku chini msana nimebakiwa na alama moja tu ya mawimbi, lakini nikikaa karibu na nguzo ya kiwanda inakuwa mbili. Kwa hiyo nimehamisha mkeka wangu. Watoto waliuliza kwa nini mwalimu amebadilisha mahali, nikawaambia ni kwa ajili ya bibi.

Kifuko nimeshona kwa kitambaa cha kanzu, chenye kamba pana isimkate shingo. Kitufe cha kuuita mkonga mwingine nimekitia tone la rangi ya kucha, likakauka, sasa kina kinundu. Macho yake hayana haja, kidole kinakijua. Na kwa kuwa mikonga ni miwili tu, akikibonyeza wangu unalia moja kwa moja, hachagui kitu.

Lakini wangu hautetemi. Nimetafuta kwenye menyu yote. Unalia tu. Na umeme, Mzee na Fundi, bado. Mpwa wangu anasema kuna kile kidude cha kushika ruta umeme ukikatika, bei si kubwa. Nikinunue?

---

Fundi_Langoni:

Kabla ya kununua tazama adapta ya kitako, upande wa kutoa. Imeandikwa volti ngapi?

---

BintiMkomani:

6.5.

---

Fundi_Langoni:

Basi usinunue. Kidude cha ruta kinatoa 5, 9 au 12. Ukitia 9 mahali pa 6.5 unaweza kukiua kitako, na 5 huenda isitoshe. Tafuta UPS ya kompyuta, hata iliyotumika ila yenye betri nzima, ile ambayo unachomeka adapta yenyewe kama ulivyoichomeka ukutani. Kitako kinakula umeme mdogo sana, wati chache tu, kwa hiyo UPS itakishika saa kadhaa. Ninayo moja hapa dukani, nitaipima kwanza na taa usiku kucha nione inakaa kiasi gani, ndipo nikwambie uichukue au uiache.

Kutotetema ni kweli, mikonga mingi ya nyumbani haina hicho. Panua mlio hadi mwisho, chagua ule mkali wa kukatakata, si muziki. Muziki unapotea ndani ya sauti za watoto. Na taa yake humeta inapolia, kwa hiyo uweke mbele yako kwenye marfaa, hapo unapowekea msahafu, uutazame kama unavyotazama saa.

---

Mstaafu wa Laini (Malindi):

Hapo nimesahihishwa, Fundi, ahsante. Na kwa zile saa UPS imekwisha na umeme haujarudi, binti yangu, funga kengele ndogo chini kiwandani, kamba ipite juu hadi mlangoni mwa choo, mwisho wake uguse sakafu. Haihitaji betri.

---

BintiMkomani:

Kengele nimefunga. Kamba ni ya mashua, amenipa baba wa mtoto mmoja wa chuo, mwenye jahazi. UPS nimeichukua kwa Fundi, na jana umeme ulikatika baada ya magharibi, kitako hakikuzimika hadi uliporudi.

Nawaletea habari moja na swali la mwisho.

Juzi, katikati ya kusoma, taa ya mkonga ikameta mbele yangu na ule mlio mkali ukapanda juu ya sauti za watoto. Moyo ulinianguka. Nikauinua nikiwa nimeshasimama, nimeshafika ngazi ya kwanza. Bibi akasema, "Hapana neno, keti. Wamefika wapi?" Nikamwambia wako Surat Yasin. Akasema, "Basi usikate." Kumbe mkonga ulipokuwa wazi alikuwa anawasikia watoto wakisoma. Miaka yote hii wanasoma chini ya miguu yake na dari haimruhusu kusikia ila mvumo. Nikauweka kwenye marfaa, ukiwa wazi, kwa spika. Aliposikia mtoto amekosea irabu, alisahihisha kutoka juu, na darasa zima likageuka kuutazama mkonga.

Sasa anataka hivyo kila siku, alasiri hadi karibu na magharibi. Saa mbili takriban. Swali langu, Fundi, je, kuiacha wazi hivyo kila siku kutaua betri? Na wakati iko wazi, akianguka atahitaji kubonyeza tena?

---

Fundi_Langoni:

Hahitaji kubonyeza. Iko wazi, atazungumza tu na wewe utamsikia, mradi usipunguze spika. Betri za NiMH zikiwa nzima zinakupa saa 10 hivi za mazungumzo, kwa hiyo saa mbili haziziumizi. Arudishe mkonga kitakoni anapolala, nawe wako vivyo hivyo. Baada ya mwaka ukiona hazifiki magharibi, njoo nikupe nyingine.

Na yule mtoto aliyekosea irabu, ni wangu. Mwambie bibi asichoke kumsahihisha.